Mama alimwambia daktari "nzuri tu" huku moyo wake umenenepa: shukrani zangu kwa dada wa panya

Wakuu, heshima kwenu wote. Mlioko kazini chungulieni kidogo kidogo, mlioko nyumbani vuteni viti.

Haya ninayoandika yametokea nyumbani kwangu, na mama mwenyewe ameniruhusu niyaseme, kwa sharti nisitaje jina lake na nisiweke ile picha yake akiwa na gauni la hospitali. Kwa hiyo kama unatafuta chai, uzi wa jirani unachemsha. Hapa ni ukweli mtupu.

Mods naomba msiuhamishie jukwaa la afya, kule watu wananuna sana.

Kwanza mnijue. Mimi niko Wheaton, Maryland. Naendesha van ya kupeleka wagonjwa wa figo dialysis, kusafishwa damu, na kuwarudisha makwao. Kazi hiyo ilinifanya nijione nusu daktari. Kila siku nasikia wagonjwa wanalalamika, najua kliniki ipi ina foleni na hospitali ipi parking yake ni balaa.

Kumbe nilikuwa naijua parking tu.

Mke wangu anaitwa Wambui, Mkenya wa Nakuru. Ni CNA kwenye nyumba ya wazee kule Annandale, yaani ndiye anayewaogesha, kuwageuza kitandani na kusikia siri zao zote. Tulipopata mtoto wa pili tukamleta mama yangu kutoka Makambako aje akae nasi. (Wale wa maswali ya makaratasi: kila kitu kihalali, bima ipo. Tusichafue uzi.)

Mama yangu ni mwanamke wa mashine. Amesimamia mashine ya kusaga mahindi tangu marehemu baba yupo, na baba alipofariki akaendelea nayo mwenyewe. Akisikia tu mlio anajua mkanda umelegea. Shikeni hilo la mashine, litarudi huko mbele.

Basi bwana, mama akafika, furaha tele. Binti yetu mkubwa Imani anaongeleshwa Kiswahili anajibu Kiingereza, bibi yake anajibu kwa Kibena, na wanaelewana kuliko mimi na bosi wangu.

Baada ya muda Wambui akaniita pembeni.

"Baba Imani, umeona miguu ya mathe? Akivua socks zinaacha alama. Imefura. Mpeleke clinic."

Mimi na ubishi wangu: "Ni ndege hiyo, ukikaa sana kwenye ndege miguu inavimba."

"Ndege gani? Si alishuka kitambo! Wewe mpeleke, acha story mob."

Nikampeleka.

Sasa hapa wakuu naomba niegeshe gari kidogo niwakumbushe jambo mnalolijua. Kwetu salamu haikatwi. Umeamkaje, salama. Habari za nyumbani, nzuri. Za watoto, nzuri. Hata kama umekuja kuleta taarifa ya msiba, ukipiga hodi ukaulizwa "kwema?" unajibu "kwema". Mnakaa, mnapewa maji, ndipo unasema: "Kwema, ila mjomba ametutoka."

Hakuna aliyedanganya hapo. Tumelelewa hivyo, habari mbaya haipokelewi mlangoni.

Haya, turudi kliniki. Daktari alikuwa binti mdogo, mchangamfu, mwenye haraka. Akawasha simu ya mkalimani, ikaita, akapokea kaka mmoja mwenye Kiswahili cha Mombasa, kitamu mpaka unataka kukipaka kwenye mkate.

Daktari akauliza kwa Kiingereza, mkalimani akasema: "Daktari auliza, hujambo leo, bibi?"

Mama akang'aa uso mzima. "Sijambo mwanangu! Na wewe hujambo? Watoto wako hawajambo?"

Na mkalimani kwa sheria za kazi yake lazima atafsiri kila neno. Akasema kwa Kiingereza kwamba mgonjwa ni mzima, na kwamba anauliza kama watoto wa mkalimani ni wazima.

Daktari akanitazama. Mimi nikatazama bango la meno ukutani.

"Ana maumivu yoyote?"

"Maumivu? Aah, namshukuru Mungu."

"She is grateful to God."

Daktari akaandika kwenye kompyuta. Akapima pressure, akasema iko juu, apunguze chumvi, arudi baada ya muda wapime tena. Muda ukaisha, akatushukuru, mlango huo.

Mtasema mbona wewe ulikaa kimya? Wakuu, mtoto wa kiume unaanzaje kueleza habari za mwili wa mama yako mbele yake, kwa mtu baki? Labda nyie mnaweza. Mimi nilibaki nahesabu vigae.

Kwenye gari mama akasema, "Yule binti mzuri, ila ana haraka. Hata sijamwambia."

"Hujamwambia nini mama?"

"Aah, basi tu baba. Endesha."

Nikaendesha.

Sasa anaingia mtu ambaye ndiye sababu ya uzi huu.

Kanisa letu linakodi ukumbi Bladensburg. Ibada ni ya Kiswahili, na Kiswahili chenyewe ni mchanganyiko: sisi wabongo, Wakenya na Sheng yao, Wakongo wanaotoa ushuhuda nusu Kifaransa, na wote tunasema amina mahali pamoja. Katikati yetu kuna dada mmoja Mmarekani mweusi, mzaliwa wa DC hapo hapo. Nitamwita Yolanda, siyo jina lake. Alijifunza Kiswahili chuoni kwa mapenzi tu, akaendelea na madarasa ya jioni, halafu akaona aje kanisani akiongee na watu.

Kiswahili chake kimenyooka kuliko rula. Sisi tukisema "mambo" yeye anasema "U hali gani ndugu yangu?" Wakenya wanamwita Madam Habari, kwa sababu mwalimu wake alimkaririsha kwamba salamu za Waswahili hazikatwi, na yeye kalishika hilo kuliko sisi wenye lugha. Ukikutana naye mlangoni una haraka, umekwisha. Atauliza habari za kwako, za kazi, za watoto, za juzi, na atasubiri jibu la kila moja. Mimi nilikuwa namkwepa kabisa, napitia mlango wa nyuma.

Jumapili moja baada ya ibada tuko kwenye chai. Yolanda akamwona mama, akaja akainama, akamshika mkono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Umeamkaje?"

"Nimeamka salama."

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Habari za wajukuu?"

"Nzuri, wanakua."

"Na habari za afya yako?"

"Nzuri tu."

Hapo mimi na wewe tungesema haya, tunashukuru, tukaenda kwenye sambusa. Yolanda hakwenda popote. Alibaki ameinama, ameshika ule mkono, kimya, anasubiri, maana ndivyo alivyofundishwa.

Mama akamwangalia vizuri. Halafu akasema taratibu: "Nzuri tu mwanangu, ila nikilala chali pumzi inakata. Nalala nimekaa kwenye kiti. Na ngazi za pale nyumbani zinanishinda, nafika juu kama nimepanda mlima."

Jamani. Mimi nimesimama pale na sahani mkononi. Mama yangu, ndani ya nyumba yangu, analala amekaa na mimi sijui!

Yolanda akanigeukia. "Kaka, mama analala ameketi?"

"Ndiyo nasikia sasa hivi."

"Kaka, mimi si daktari wa wagonjwa. Mimi ni daktari wa panya." Hapo ndipo nilijua kazi yake: yuko maabara, anachunguza seli za moyo wa panya. "Lakini jambo hili halingoji kesho. Mpeleke hospitali leo, sasa. Sambusa nitakufungia."

Wakuu, alinifungia kweli. Tukaenda emergency na sambusa kwenye foil.

Walimpokea haraka. Wakampima moyo kwa ile mashine ya jeli kama ya wajawazito. Daktari wa moyo, mzee mmoja mpole, akatuonyesha kwenye kioo: ukuta wa chumba cha kushoto cha moyo umenenepa, umekuwa mgumu, na maji yamejaa kwenye mapafu. Akasema hii ni kazi ya pressure ya miaka mingi, na kwamba tumefanya vizuri kutochelewa zaidi.

Kumbe kule nyumbani mama aliwahi kupimwa pressure, akapewa vidonge, akavimeza vikaisha, akasema dozi imekwisha.

Wakamlaza. Wakamtoa maji, akapumua, akalala chali kama mtoto. Tukarudi naye Wheaton na mfuko wa dawa. Nikadhani hadithi imeishia hapo, nikaanza kuandaa maneno ya kutoa ushuhuda kanisani.

Thubutu!

Wambui siku moja anapanga dawa, akafungua kile kisanduku chenye vyumba vya siku za wiki. Kimejaa. Mama hajameza. Tukamuuliza.

"Nimepona," akasema. "Dawa humezwa na mgonjwa."

"Mama, daktari amesema moyo umenenepa!"

"Sasa tangu lini kunenepa kukawa ugonjwa? Mkono wa mkulima unanenepa kwa jembe, tunauita mkono wa kazi. Moyo wangu umefanya kazi sana, umejaa nyama. Niacheni. Mimi nataka nikaione mashine yangu."

Kweli nilipandisha sauti. Nikaongea, nikaongea, nikataja mpaka wagonjwa wangu wa kwenye van. Mama akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Baba, umemaliza?" akaendelea kukunja nepi.

Wambui akanivuta jikoni. Macho yake mekundu, na siyo kwa kitunguu.

"Baba Imani, mimi nimeona hii kitu job. Hiyo pressure ikirudi juu na hiyo moyo ishachoka, next time hatutaitwa kumchukua mathe. Tutaitwa kuchukua mwili. Fanya kitu, please."

Karatasi za hospitali zipo, lakini zimeandikwa "usisahau dawa yako", zina mchoro wa moyo unaotabasamu. Mama aliziangalia, akamchezeshea mtoto.

Ndipo Wambui akasema, "Mwite Madam Habari. Mathe anamskia."

Yolanda akaja Jumamosi mchana. Salamu peke yake wali ulipoa. Tukala, mama akakaa na beseni lake la ndizi anamenya za jioni, na Yolanda akaanza.

Aisee, alianza vibaya.

"Mama, ndani ya kila seli ya misuli ya moyo mna mitokondria, na utando wa mitokondria una njia za kupitisha ioni."

"Ee," mama akaitikia.

"Njia hizo huathiri ukuaji wa seli."

"Ee. Ndiyo."

Mnaijua hiyo "ee" ya mama zetu. Ni ya kumsitiri mgeni asione aibu. Nikaona mchana wote unapotea.

Nikadakia: "Dada, hizo mito-nani kazi yake hasa ni nini?"

"Zinatengeneza nguvu. Chakula kinaingia, kinasagwasagwa, inatoka nguvu ambayo moyo unaitumia kudunda."

Mama akaacha kumenya.

"Kinasagwa?"

"Ndiyo mama."

"Basi hiyo ni mashine."

"Ni mashine, mama. Ndogo mno, na moyo umejaa mashine hizo kuliko karibu sehemu yoyote ya mwili, kwa sababu haupumziki."

Mama akaweka kisu chini. "Sasa kile kilango cha kupimia kiko wapi?"

Nieleze kwa wasiojua: kwenye mashine ya kusaga kuna kibati kidogo chini ya lile bakuli la juu. Unakisogeza ili mahindi yashuke kwa kipimo. Ukikifungua sana mashine inakabwa. Mama hakuwahi kumruhusu mtu mwingine akiguse.

Yolanda akacheka, akafuta macho. "Mama, mimi maisha yangu yote ya kazi nasoma habari ya kilango hicho."

Kuanzia hapo, wakuu, mimi na Wambui tukawa watazamaji.

Yolanda akamwambia: kuna kilango cha kalsiamu, madini yale yale yaliyomo kwenye maziwa. Kila moyo unapodunda, kalsiamu inamiminika ndani ya seli, na kidogo yake inapita kwenye kilango mpaka ndani ya mashine. Hiyo kidogo ni ujumbe: saga haraka, kazi ipo. Ni jambo zuri, linatakiwa. Ila pressure ikiwa juu mwaka hata mwaka, moyo unasukuma damu kwa taabu, na kalsiamu inaingia kupita kipimo.

"Inakabwa," mama akasema.

"Inakabwa."

"Inachemka, inatoa moshi."

"Ndiyo mama! Inatoa kitu chenye sumu, kama moshi. Na huo moshi ukienea, pamoja na hiyo kalsiamu iliyozidi, seli inapata ujumbe kwamba kazi imeizidi nguvu. Basi inajiongeza mwili. Ndiyo unene ambao daktari aliuona."

Mama akatazama dirishani. "Baba yako," akaniambia mimi, "mwaka mmoja karibu na Krismasi foleni ilikuwa mpaka barabarani. Akaongeza banda. Nikamwambia mume wangu, banda halisagi. Mashine ni ile ile. Watu wakajaa zaidi, kilango kikafunguliwa chote, mkanda ukaungua, sikukuu tukala viazi."

"Moyo wako unaongeza banda, mama," Yolanda akasema. Kwa upole kabisa.

Mtoto akalia kidogo huko ndani.

Mama akauliza, "Na hakuna cha kuipumzisha?"

"Kipo kilango kingine, cha potasiamu. Kwenye panya tunaona kama hicho kikifunguka kidogo, ile nguvu inayoivuta kalsiamu ndani inapungua, mashine inapumua, na moyo haunenepi sana. Lakini kuna na tundu la tatu, la hatari. Mashine ikizidiwa kabisa, tundu hilo linafunguka na kukataa kufunga. Mashine inavimba, inapasuka. Seli inakufa. Na seli ya moyo ikifa, nyingine haioti kirahisi, panabaki kovu."

Hapo mama akashika kifua. Hakuwa anaumwa, ila mkono ulikwenda wenyewe.

"Kidonge changu kinafungua kilango kipi?"

Hapa ndipo nilipompenda huyu dada, na naomba mlisome vizuri ili msije kunijazia PM kuuliza dawa ya vilango. Angeweza kumdanganya mama, mama angemeza, na sisi tungeshukuru. Hakudanganya.

"Havifungui hata kimoja, mama. Dawa ya vilango bado tunaitafuta, na sisi wenyewe wa maabara bado tunabishana mambo mengi. Mengi ninayokwambia tumeyaona kwa panya na seli kwenye vyombo. Vidonge vyako vinafanya kazi moja kubwa, vinapunguza foleni."

"Wenye madebe ya mahindi."

"Wenye madebe, mama. Wakiwa wachache, mashine inasaga kwa nafasi, na ukuta huweza kupungua unene polepole."

"Na foleni ukiipunguza leo, kesho wanarudi."

"Ndiyo sababu ni kila siku."

Mama akachukua kisu, akamenya ndizi moja mpaka mwisho, akaiweka kwenye beseni. Halafu akasema bila kunitazama:

"Baba, niletee maji."

Nikaleta. Wambui akaleta kidonge. Mama akameza.

Wakuu, mimi ni mtu mzima, nina ndevu, nina leseni ya kubeba abiria. Niliingia bafuni nikafungua bomba ili wasisikie ninavyolia. Sina aibu kuliandika.

Yolanda anaondoka, mama akamuuliza mlangoni, "Hao panya, wanakufa?"

"Ndiyo mama. Wengine."

"Mnawapa pole?"

"Tunajitahidi wasiteseke."

Mama akatikisa kichwa, akamfungia ndizi.

Jumapili iliyofuata, wakati wa maombi, mchungaji akauliza nani ana hitaji. Mama akasimama. Akawaombea wagonjwa, wasafiri na wenye mitihani. Halafu akasema: "Na tuwakumbuke wale panya wa dada Yolanda, walionitangulia kuumwa moyo ili mimi nipone."

Kanisa zima likacheka, Wakongo wakapiga makofi. Yolanda hakucheka. Alikaa kwenye kiti chake anafuta machozi kwa bulletin ya ibada, akasema baadaye kwamba kwa miaka yote aliyofanya kazi ile hakuna aliyewahi kumshukuru, achilia mbali panya wake.

Mbele kidogo. Siku ya kurudi kwa daktari wa moyo, kabla hatujaingia, mimi nilimwahi kwenye korido. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha van: "Daktari, samahani. Mama yangu ukimuuliza hali atasema nzuri. Hajamaliza. Naomba usiandike kitu, subiri kidogo."

Yule mzee akanitazama, akafikiri, akasema sawa.

Tukaingia. Mkalimani kwenye simu, safari hii dada wa Kikenya. "Mama, daktari anauliza uko aje?"

"Nzuri, namshukuru Mungu."

Daktari akatoa mikono kwenye kompyuta, akaiweka magotini. Akanyamaza. Akamtazama tu mama kwa uso wa mtu asiye na safari.

Mama akanitazama mimi, akamtazama yeye. Akavuta kiti mbele.

"Nzuri, ila hiki kidonge cha asubuhi kinanikohoza. Kikohozi kikavu, usiku na mchana. Nilikuwa namwonea aibu kusema maana ndiye aliyenipa."

Daktari akacheka, akasema mbona hilo linajulikana, dawa hizo huwafanya baadhi ya watu wakohoe, ipo nyingine. Akambadilishia pale pale. Nikajiuliza, wakuu, angekuwa daktari wa haraka, mama angevumilia wiki ngapi kabla ya kuacha tena dawa zijae kwenye kile kisanduku?

Kwa hiyo nilichojifunza mimi, kila mtu na chake:

Wazazi wetu hawasemi uongo kwa daktari. Wanaanza na salamu, na daktari anadhani ndiyo jibu. Ukimpeleka mzazi, mwambie daktari asubiri. Na nyumbani na wewe subiri. Mimi mama yangu nilimsalimia kila asubuhi nikiwa nimeshika funguo za gari.

Pressure haina dozi ya kuisha. Na mzee akikataa dawa usimpandishie sauti kama mimi, mtafutie mtu wa kumweleza kwa kazi aliyoifanya maisha yake.

Na ukiona mgeni anajifunza lugha yetu anatuchosha kwa salamu ndefu, usimkwepe kwa mlango wa nyuma. Mimi sasa Yolanda nikimwona nasimama, najibu zote, mpaka za juzi.

Dada, najua huwa unapita humu kusoma Kiswahili cha mtaani. Asante. Sina neno jingine, lugha yote hii nimezaliwa nayo na leo imeniishia.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Nani mzazi wake alimwambia daktari "nzuri tu"? Mlimalizaje? Wenye utaalamu wa moyo nirekebisheni nilipokosea, ila kwa adabu, mama anasomewa comments na Imani, na Imani anazitafsiri atakavyo.

UPDATE: Mmeniuliza sana hali ya mama. Jana tulikuwa kwenye kipimo. Ukuta wa moyo umepungua unene, kidogo, lakini umepungua, mzee alituonyesha picha mbili pamoja. Miguu mikavu. Ngazi anapanda na mtoto mgongoni, tunamkataza hasikii.

Tulipoingia daktari alimuuliza hali yake kama kawaida. Mama akajibu nzuri, namshukuru Mungu. Yule mzee akatoa mikono kwenye kompyuta, akaiweka magotini, akanyamaza.

Tukakaa. Saa ya ukutani inasikika. Mkalimani akauliza kama simu imekatika.

Mama akanigeukia, anacheka: "Baba, mwambie asisubiri. Leo ni nzuri ya kweli."